Bei ya Kutojua Lini Mzigo Utafika

Mei 2024 Tanzania ilikatika mara mbili. Mwanzoni mwa mwezi, mvua zilizoletwa na Kimbunga Hidaya zilisomba barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na kwa siku kadhaa mikoa ya Lindi na Mtwara ikawa kama kisiwa. Mabasi yalipanga foleni pande zote mbili za maji, na malori yalizima injini. Kabla watu hawajamaliza kuzungumzia hilo, tarehe 12 mikongo miwili ya mawasiliano iliyolala chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika nchini na kwa majirani zetu kadhaa.

Kila tukio lilijadiliwa kivyake, la kwanza na wahandisi wa barabara, la pili na watu wa mitandao. Lakini ugonjwa ni mmoja. Barabara ya pwani ikikatika, lori la Mtwara linalotaka kupita kwenye lami lizunguke Morogoro, Iringa, Njombe, Songea na Tunduru mpaka Masasi, umbali unaozidi mara mbili ya ule wa kawaida. Na ile mikongo, ingawa ina majina mawili na wenyewe tofauti, inapita bahari ileile, ndiyo maana iliumia kwa pamoja. Tulikuwa tunahesabu njia mbili mahali ambapo kulikuwa na njia moja.

Tukizungumzia mchango wa usafirishaji na mawasiliano katika uchumi, tumezoea kuhesabu kasi. Tunataja treni ya umeme ya kilomita 160 kwa saa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, tunataja 4G na 5G. Kasi ina heshima yake. Hata hivyo, kinachopanga bei ya mfuko wa mbolea Songea au tenga la nyanya Dar es Salaam ni uhakika. Mfanyabiashara anaweza kabisa kuishi na safari ya siku tano, mradi iwe siku tano kila mara. Safari inayochukua siku mbili wiki hii na siku kumi na tano wiki ijayo humfilisi, au humlazimisha amtoze mteja fidia ya hofu yake.

Hesabu ya hofu hiyo si ngumu. Tuseme duka la pembejeo linauza mifuko 20 ya mbolea kwa siku msimu wa kupanda. Mzigo ukifika kila baada ya siku tano bila kukosa, mifuko 100 stoo inatosha. Mzigo ukiwa unaweza kuchelewa mpaka siku kumi na tano, mwenye duka lazima alaze mifuko 300. Ile 200 ya ziada ni fedha iliyokaa kimya, pengine ya mkopo wenye riba, na riba hiyo hulipwa na mkulima. Asipokuwa na mtaji wa kulaza mifuko 200, duka litakauka wiki ambayo mvua imenyesha vizuri, na mahindi yatapandwa bila mbolea. Hasara hiyo haionekani kwenye ripoti yoyote ya uchukuzi. Itaonekana miezi mitano baadaye, kwenye mavuno.

Upande wa mwenye lori hesabu ni ileile. Semitrela inayobeba tani 30 kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma inatembea kilomita zinazokaribia 930. Dizeli ya njiani ni karibu ileile, safari ichukue siku tatu au siku kumi. Kisicholala ni rejesho la mkopo wa gari, bima, vibali, mshahara wa dereva na posho yake ya njiani. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba vyote hivyo ni Sh6,000,000 kwa mwezi. Gari likipata safari nne, kila tani inabeba Sh50,000 ya gharama hizo. Likipata safari mbili kwa sababu siku nyingine liko kwenye foleni, kila tani inabeba Sh100,000. Kwa gunia la kilo 100 tofauti ni Sh5,000, na hakuna aliyeendesha hata kilomita moja ya ziada. Mwenye gari mzoefu hasubiri mwezi mbaya ufike ndipo apandishe bei. Anapanga nauli yake kwa kudhani kila mwezi utakuwa mbaya.

Ukisimama Tunduma utaelewa kwa nini anadhani hivyo. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Ni hatua kubwa. Foleni, hata hivyo, bado hurudi, na mara nyingi chanzo chake hakipo mpakani. Nyaraka hazikutumwa kabla gari halijaondoka Dar es Salaam, hivyo wakala wa forodha anaanza kazi lori likiwa limeshafika. Uzito uliomo kwenye hati haufanani na wa mizani. Mteja wa upande wa pili hajalipa kodi. Mtandao umekata na mfumo haufunguki. Mifumo ya forodha ya nchi mbili isiposomana, taarifa ileile huandikwa upya kwa mkono, na herufi moja ikikosewa kwenye namba ya kontena kazi inarudi mwanzo. Mzigo wa mchanganyiko ndio mbaya zaidi: wateja kumi na watano ndani ya lori moja, mmoja hana kibali cha dawa au chakula, na wale kumi na wanne wanalala naye. Kisha kuna jambo dogo ambalo wapangaji hulisahau, nalo ni uwanja. Lori ambalo halijakamilisha taratibu likiegeshwa mbele ya lililokamilisha, yote mawili yamekwama. Na anayekwenda Kongo bado ana Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, mbele yake.

Dawa inajulikana, kwa kuwa ilishajaribiwa hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 2014 nchi za Jumuiya zilipoanza himaya moja ya forodha, kodi ya nchi mzigo unakokwenda ilianza kulipwa shehena ingali bandarini. Safari ya kontena kutoka Mombasa hadi Kampala, iliyokuwa ikihesabiwa kuwa siku 18 hivi, ikatangazwa kushuka hadi siku nne au tano. Hakuna kilima kilichosawazishwa wala kona iliyonyooshwa. Kilichosafiri mapema ni taarifa. Mtu akiuliza mawasiliano yanaingiaje kwenye uchukuzi, huu ndio mfano wa kumpa kwanza.

Mizani nayo inastahili kutazamwa kwa haki. Madereva huiona kero, lakini barabara bila mizani haidumu. Wahandisi wanajua tangu majaribio ya Marekani ya miaka ya 1950 kwamba madhara ya ekseli kwa lami hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Maana yake ni kwamba ekseli inayoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa tani 12, imezidi kwa asilimia 20 tu, lakini inaumiza barabara mara mbili. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Kinachowakwamisha wengi si jumla ya uzito bali mgawanyo wake. Gari linaweza kuwa ndani ya tani zake zote, halafu kundi moja la ekseli likazidi kwa kuwa magunia yamejazwa mbele, au nafaka isiyofungwa imesogea kwenye breki za mteremkoni. Hapo kazi ni kufungua turubai, kutafuta vibarua, kupanga upya na kurudi kupima, na nusu siku imekwisha. Anayepakia kwa mpangilio na kupima kabla ya kuondoka huokoa nusu siku hiyo. Serikali nayo ina wajibu wake: mizani inayopima gari likiwa kwenye mwendo, kama ile ya Vigwaza, huwaachia njia wasio na kosa na kuwasimamisha wenye dalili ya kosa tu. Kumsimamisha kila mtu ni kumtoza mwaminifu muda wake.

Hayo yote ni ya barabara kuu, ambako angalau kuna lami. Sehemu yenye hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kilomita kumi au ishirini za kwanza, kutoka shambani hadi lami. TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, inatunza takriban kilomita 36,000. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017, imepewa zaidi ya kilomita 100,000, na nyingi kati ya hizo ni za udongo. Huko ndiko chakula cha miji kinakotoka.

Angalia nyanya za Ilula, mkoani Iringa. Huchumwa zikiwa zimeanza tu kugeuka rangi ili ziivie njiani, zinapakiwa kwenye matenga, na lori linatakiwa kuondoka jioni lifike Dar es Salaam alfajiri, soko likiwa bichi. Ratiba nzima inasimama juu ya saa chache. Mvua ikinyesha mchana na Fuso likashindwa kuingia shambani, matenga yatatolewa kwa bodaboda au guta, moja baada ya jingine, yakirushwarushwa mashimoni. Nyanya za chini zinapasuka, maji yake yanalowanisha za juu, uozo unaanza, na lori linakosa soko la alfajiri. Dalali anajua haya yote. Ndiyo maana maneno matatu, “gari haliingii huko”, hushusha bei ya shambani kuliko mabishano ya ubora. Hapo mkulima anakatwa fedha kwa sababu ya mvua ambayo huenda isinyeshe.

Hata lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, ina mzizi wake hapa. Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hufanya msako kila msimu. Gunia lenye kilemba halikomi, kwa sababu wenye magari wengi hutoza nauli kwa gunia, na wapakiaji nao hulipwa kwa gunia. Mtu akitozwa kwa gunia atalijaza mpaka lishonewe kofia, hiyo ni hesabu rahisi tu. Msako unamwadhibu mshonaji na kuacha utaratibu wa malipo ulivyo. Mizani kwenye kituo cha kupakilia na nauli inayotajwa kwa kilo vingefanya kazi ambayo faini imeshindwa kuifanya, na mkulima angeuza kilo alizovuna badala ya magunia. Serikali iliwahi kugusa eneo hili vizuri: mwaka 2017 ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na kumwondolea kabisa anayesafirisha chini ya tani moja. Geti la ushuru lilikuwa kituo kingine cha kusubiri.

Barabara ya udongo haifi kwa sababu ya magari. Inakufa kwa maji yaliyokosa pa kwenda. Inatakiwa kuwa na mgongo katikati, mteremko wa asilimia 4 hadi 6 kila upande, mitaro pembeni, na kila baada ya umbali mfupi mchepuko unaotoa maji ya mtaro kuyapeleka nje kabla hayajapata nguvu. Changarawe ya sentimita 15 huweza kupoteza sentimita mbili au tatu kwa mwaka, kwa hiyo ndani ya miaka mitano hadi saba hivi itakuwa imeisha hata kama hakuna aliyekosea. Makosa yanaharakisha. Greda likipita kila mwaka kukwangua nyasi na kusukuma udongo nje, barabara huzama taratibu mpaka inakuwa chini ya mashamba ya pembeni, na kuanzia hapo ni mto, si barabara. Kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, likiwa la sentimita 60 huziba kwa msimu mmoja na hakuna mtu anayeweza kuingia kulizibua vizuri, wakati la sentimita 90 linasafishwa kwa koleo. Kwenye kijito kinachojaa mara chache kwa mwaka, drifti ya zege inayoruhusu maji kupita juu kwa saa mbili hudumu kuliko kalavati dogo linalobebwa zima. Kigoma kumejengwa madaraja ya mawe ya upinde yasiyotumia nondo, kwa mawe ya hapohapo na mafundi wa hapohapo, kwa gharama ndogo kuliko ya zege na chuma. Kazi kama hizi hazina picha nzuri ya uzinduzi. Zinaokoa bei ya nyanya.

Wapo wanaosema simu imeshaondoa nusu ya matatizo haya, kwa kuwa mkulima sasa anajua bei ya mjini. Ni kweli anaijua. Kujua bei ya Dar es Salaam huku gari haliingii shambani kunampa uchungu bila kumpa nguvu ya kubishana. Simu inasaidia pale inapofupisha kusubiri: lori linaitwa matenga yakiwa yameshapangwa, dereva aliyeshusha saruji Kahama anapata mzigo wa mchele wa kurudi nao badala ya kurudi mtupu, na malipo yanafika dakika ileile mzigo unapopimwa. Gari likirudi tupu, mzigo wa kwenda hulipia njia zote mbili, kwa hiyo simu moja inayopata mzigo wa kurudi ina thamani kuliko punguzo lolote la dizeli.

Malipo hasa ndiyo yaliyobadilika. Kabla ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, fedha za mazao zilisafiri ndani ya bahasha kwa dereva wa basi au kiunoni mwa mfanyabiashara, zikiwa na hatari na kuchelewa kulekule kwa mzigo. Kwa hiyo tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, kuanzia Sh10 hadi Sh10,000 kwa muamala, ikitozwa mtu anapotuma na mwingine anapotoa, ilikuwa sawa na kujenga geti jipya kwenye barabara ambayo ndiyo kwanza imefunguka. Ilipunguzwa Septemba mwaka huohuo, kisha ikapunguzwa tena. Wanaopanga kodi walikumbuke hilo kila watakapovutiwa na wingi wa miamala.

Hitilafu ya mikongo ya Mei 2024 ilitufundisha jambo jingine. Menyu ya simu ile ya nyota na reli (* na #) haisafiri kwa intaneti ya nje, hivyo haitegemei nyaya za baharini moja kwa moja. Mfumo wa ofisi ambao seva yake iko Ulaya unazitegemea kwa kila herufi. Mtu wa Mwanza anapofungua fomu ya taasisi ya Dodoma, na fomu hiyo ikaenda kwanza ng'ambo ndipo irudi, safari hiyo ni kuzunguka Songea kwenda Lindi. Mkongo wa taifa upo, na kituo cha kubadilishana data za ndani kipo Dar es Salaam. Mifumo ya forodha, bandari na malipo inapaswa kukaa nchini, na nakala yake ikae mkoa mwingine. Anayenunua huduma ya akiba asiridhike na jina la kampuni mbili. Aombe ramani, aone kama nyaya zinatua pwani tofauti na kupita bahari tofauti.

Kwenye reli tuna kitendawili chetu wenyewe. Dar es Salaam kuna reli za vipimo vitatu: ya Wajerumani yenye upana wa milimita 1,000, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ya TAZARA, iendayo Zambia, yenye milimita 1,067, na ya SGR, ile mpya ya treni ya umeme, yenye 1,435. Kati ya mbili za mwanzo tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vinne hivi, na kwa vidole hivyo mzigo unaohama kutoka reli moja kwenda nyingine lazima ushushwe na kupakiwa upya Kidatu. TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikusudiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Mwaka 2014/15 ilibeba chini ya 100,000. Reli haikuondoka mahali pake. Kilichopungua ni injini zinazotembea, spea, na ukarabati wa njia, mpaka treni zikalazimika kwenda taratibu kwenye maeneo mabovu na hakuna aliyeweza kumwambia mteja mzigo wake utafika lini. Wateja wakahamia kwenye malori yaliyo ghali zaidi kwa kila tani. SGR itaponea au kuumia kwenye jambo hilohilo: treni ya mizigo yenye ratiba inayotimia, na kreni na malori yanayoisubiri ilipofika, bandari kavu ya Kwala ikiwemo.

Mvua ndizo zitakazotupima tena, na kalenda ya fedha zetu inagongana na kalenda yake. Mwaka wa bajeti huanza Julai 1. Zabuni ya matengenezo hutangazwa, hutathminiwa, husainiwa, na mkandarasi akifika na greda ni Novemba au Desemba, vuli imeshaanza na mashamba yamelowa. Anakwangua tope, anakwama, anasubiri kiangazi, na mitaro iliyopaswa kuzibuliwa mapema inabeba maji mpaka katikati ya njia. Mkataba wa matengenezo wa miaka mitatu, kwa kikundi cha kijiji chenye koleo, toroli na kipande chake cha kilomita tano, hausubiri Julai. Unalipwa kwa kilichokaguliwa: kalavati linapitisha mwanga kutoka upande mmoja hadi wa pili, mchepuko hauna nyasi, shimo limezibwa likiwa bado dogo. Mkaguzi apite Septemba, tena mara moja baada ya mvua kubwa ya kwanza, akiwa na simu yenye kamera.